Sakafu Kabla ya Kuta

Kolwezi, mwanzo wa mvua

Kwa Yaya wangu Mwadi, dada yangu mkubwa, nyumbani Kabongo

Katika jina la Mungu aliye hai, ambaye macho yake yanaona juu ya ardhi na chini yake, mimi mdogo wako Yeremia nakusalimu. Amani iwe katika nyumba yako. Mmeamkaje? Goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Na mihogo ya ng'ambo ya mto, nguruwe mwitu wameihurumia mwaka huu? Huku mimi ni mzima. Vumbi la malori lilikuwa limenishika kifua, lakini mvua imelilaza, nami napumua vizuri kuliko mwezi uliopita. Namshukuru Mwenyezi kwa pumzi.

Yaya, barua hii utaipokea mkononi mwa Shemasi Petro. Tafadhali akusomee mke wa mchungaji, mkiwa wawili tu, na mlango umefungwa. Asikusomee Ilunga. Najua ni mwanao, na mimi ni mjomba wake niliyemfundisha herufi zake za kwanza. Ukifika mwisho wa barua utanielewa. Sikukupigia simu kwa maana simu yako, kama nilivyoambiwa, siku hizi inakaa mfukoni mwake.

Neno lenyewe ni juu ya kiwanja cha barabara ya Mutoshi, kile baba alichotuachia sisi wawili, wewe na mimi. Kiwanja hicho sasa kimehesabiwa ndani ya mtaa wa biashara na viwanda. Watu wa ofisi ya mji walipita wakitangaza kanuni za majengo, ambazo huku kila mtu anaziita manorme. Jengo lirudi nyuma, lisiikaribie barabara. Uzio wa mbele uwe wa vyuma vinavyopitisha macho, usiwe ukuta mzima. Bohari iwe na milango miwili, watu wapate pa kukimbilia moto ukiwaka. Maji ya mvua yachimbiwe mfereji. Na pale panapowekwa vitu vikali kama tindikali ya viwanda, sakafu iwe ya zege, yenye shimo la kukusanya kinachovuja, kisije kikaingia katika visima vya watu. Asiyeanza kujenga hivyo, kiwanja chake kinaweza kupewa mwingine mwenye uwezo.

Niliposikia hayo mara ya kwanza, sikufurahi. Mtu akikuambia ujenge vizuri au uondoke, tafuta kwanza ni nani anayengoja uondoke. Nikasema moyoni kwamba kanuni hizi zimechongwa kama fimbo ya kutufukuzia sisi wenye vijumba vya matofali ya udongo. Sikukaa sana, anayengoja akajitokeza.

Jina lake ni Agustini. Ni mfanyabiashara, mtu wa viatu safi hata siku za matope, naye wote humwita Patron. Alikuja baada ya ibada, akanishika mkono kwa mikono miwili.

“Tata Mwalimu,” akasema, “weye hauna nguvu ya kujenga kwa manorme. Mi niko nayo. Weye unaleta udongo, mi naleta simenti. Tunajenga depo ya tindikali, kila mwezi unakula kodi yako. Mungu anapenda batu benye kusaidiana.”

Nimefundisha Maandiko tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mtu anayetanguliza jina la Mungu katika maongezi ya ardhi huwa namtazama mara mbili. Nikamwambia nitasali. Akasema, “Sali, tata, ila ofisi haingojee maombi.” Akacheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu.

Siku zilizofuata alikuja kupima. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kukosa raha. Mtu wa bohari angeuliza barabara inabeba malori ya uzito gani, na umeme unapita wapi. Yeye aliuliza kisima cha Mama Feza kina urefu gani kwenda chini, na kilipochimbwa ulitoka udongo wa rangi gani. Wakati wa kuongea nami alikuwa akiinama, anachukua donge la udongo, analivunja kwa vidole na kulitazama, kisha anajifuta kwa kitambaa. Halafu akaniambia kwamba kazi itaanza na ukuta, mrefu, pande tatu, na turubai upande wa nne.

Mama Feza ndiye jirani yetu wa kuume, mjane anayekaanga mikate ya asubuhi. Alikuwa amesimama kwenye uzio wake na mwiko mkononi.

“Tata Mwalimu, ule patron anajenga nini?”

“Bohari ya tindikali, anasema.”

“Na anaanza na ukuta? Huku kwetu mwenye kuanza na ukuta hajenge, anachimba.”

“Mama, tusimhukumu mtu.”

“Mi simuhukumu. Mi niko na kitanda changu juu ya udongo huu. Siku moja nitalala hapa, niamke ndani ya mgodi wa Mutoshi.”

Huko kwenu, Yaya, jambo hili halijulikani, basi nikueleze. Hapa shaba na kobalti hazikai mbali na watu, zinapita chini ya vitanda vyao. Zipo nyumba ambazo mtu alichimba choo akatoa jiwe jeusi, na baada ya hapo hakuchimba choo tena. Huinua ukuta, hufunika kwa turubai, vijana hushuka kwa kamba. Shimo likifika chini halijui mpaka wa kiwanja. Linafuata mawe, linapita chini ya jirani, na siku moja mvua ikinyesha sana, jirani anasikia sakafu yake ikipiga kelele. Nimewazika watu wa namna hiyo, waliokuwa shimoni na waliokuwa kitandani. Na nyuma ya kiwanja chetu, kama unavyokumbuka, ndipo penye kanisa letu dogo, ambamo watoto hukaa chini asubuhi za Jumapili.

Lakini shuku si ushahidi. Nilifunga chakula na kuomba niondolewe shuku hiyo kama ni dhambi. Haikuondoka. Badala yake ikaja mvua ya kwanza. Nilisimama mlangoni mwa kanisa nikitazama maji yakitoka kwenye ukuta wa kanisa, yanavuka kiwanja chote, yanaishia barabarani, kama yanavyofanya kila mwaka. Kisha nikatazama vigingi vya Patron Agustini. Alikuwa amevipigilia kuonyesha mahali pa lile shimo la kukusanya tindikali inayovuja. Vilikuwa juu kabisa, kando ya ukuta wa kanisa.

Hapo nikavaa koti, nikaenda ofisi ya mji. Binti anayeshughulika na majengo aliniketisha vizuri. Sikumtaja mtu. Nikamwuliza jambo moja tu: katika bohari ya vitu vikali, kinachotangulia ni kuta au sakafu?

“Beto kwanza, tata,” akasema, maana huku zege huitwa beto. “Tunapita, tunaangalia beto na kishimo chake, kama kimefunikwa simenti chini na pembeni. Kiisha hapo tu ndiyo mutu anapandisha kuta.”

Nilimshukuru, nikatoka, nikagonga mlango mwingine, nikamwuliza lile lile mzee mmoja bila kumtaja yule binti. Akajibu hivyo hivyo. Akaongeza kwamba kiwanja chenye sakafu na mfereji vilivyopimwa kwa kanuni huhesabiwa kuwa kimeanza kujengwa, na hakiwezi kupewa mwingine. Bado siiamini ofisi ile yote, Yaya, lakini vinywa viwili visivyojua kwamba vinapimwa vilikubaliana.

Patron Agustini aliporudi, nilimkaribisha nje, palepale kiwanjani, ili majirani wasikie.

“Patron, nimekubali,” nikamwambia, “ila kwa sharti moja. Utamimina sakafu kabla ya kuta. Sakafu nzima, tangu kanisani mpaka barabarani.”

“Tata, beto kwanza? Malori itaivunja.”

“Malori gani yataingia katika bohari isiyo na kuta?”

Akavitazama vigingi vyake. Kisha akasema, “Tuache basi nafasi ya shimo. Shimo tutalimimina mwisho.”

“Na kwa nini shimo liko juu? Maji ya hapa yanashuka barabarani.”

“Tutasawazisha.”

Mama Feza, ambaye sikujua kama yupo, akatokeza kichwa juu ya uzio. “Patron, ukiisha kufundisha maji kupanda, upite na kwangu. Nimechoka kuvuta kamba ya kisima.”

Watu waliokuwa wakipita wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini dereva wake hakucheka; alikuwa anatazama chini. Agustini akanisogelea, akanipangusa vumbi begani kama mtoto anavyompangusa babaye, akasema kwa sauti ya chini: “Hii parsele haiko yako peke yako, tata. Iko na mwenyewe mwingine.”

Yaya, neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Katika mji huu wote sikumwambia mtu hata mmoja kwamba kiwanja ni chetu wawili. Wanaojua ni wewe, mimi, na mwanao. Na sasa nasikia kwa wasafiri kwamba mgeni wa viatu safi alifika Kabongo akiwa na kitenge cha heshima na karatasi ya kuwekewa kidole, na kwamba Ilunga ndiye aliyempokea kituoni. Sikuambiwa kama kitenge ulikipokea. Sikuulizi kwa kukulaumu. Ukiwa umekipokea, kivae. Kitenge hakina kosa. Ila usiweke kidole, wala sahihi, wala usimwachie mtu kitambulisho chako, hata akisema ni kwa ajili ya msaada wa chakula.

Huenda namdhulumu Agustini. Huenda ni mjenzi mbaya tu, asiyejua maji yanaelekea wapi. Nimempa nafasi ya kunithibitishia hivyo kwa mifuko ya simenti, naye akapendelea kupanda gari kuja kwako. Mwenye haki haoni uchungu kufunika ardhi ambayo hana haja nayo.

Basi hili ndilo ninaloliomba kwako, wewe uliye mkubwa wangu na uliyekaa mahali pa baba. Nipe ruhusa nimimine sakafu hiyo mimi mwenyewe, kwa kanuni zote za ofisi, na mfereji wake, na kishimo chake upande wa barabara, kisichokwenda chini sana, kilichofunikwa simenti. Kuta zitakuja Mungu akitaka, na mpangaji mwaminifu akipatikana. Kwa sasa sakafu inatosha kukilinda kiwanja kisichukuliwe na walio juu, wala kuliwa na walio chini. Vijana wa kanisa wamekubali kutoa mikono yao. Simenti nitaipata kwa kuuza yale mabati uliyonitunzia, ya nyumba niliyokuwa niijenge karibu na yako. Unaelewa maana yake. Tulikuwa tumeahidiana kuzeekea ua mmoja, nami nakuomba uningojee tena, bila kujua kwa muda gani. Nimelia kabla ya kuandika mstari huu, kwa hiyo usinihesabie kuwa nimeandika kwa wepesi.

Ilunga atakuambia kwamba mjomba anafunika mali ya familia. Inawezekana anasema kweli. Inawezekana chini ya kiwanja kile kuna jiwe ambalo lingesomesha wajukuu wote. Mimi pia nimetazama lile donge la udongo ambalo Agustini alilivunja, na nikalitazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu wa Maandiko. Ndiyo sababu nataka zege limwagwe upesi. Likishakauka, hatutajua kamwe kilichokuwa chini yake, wala wewe, wala mimi, wala yeye.

Jibu lako lisipitie simu ya mtu. Mwambie Shemasi Petro kwa kinywa chako, ndiyo au hapana, mbele ya mke wa mchungaji. Ukisema hapana, nitatii, nami nitahamisha kitanda changu kanisani, nilale upande ule wa vigingi.

Nisalimie mchungaji wetu na mkewe, macho yako ya leo. Nisalimie binti yako mshonaji, na mjane wa ndugu yetu marehemu, na shemeji mfua majembe. Mwambie kikohozi chake nakiombea. Na Ilunga umsalimie kwa upendo, bila kumsomea haya. Mwambie tu kwamba mjomba wake ana kazi ya zege huku Kolwezi na anamhitaji kwenye koleo. Akija akachanganya na kumimina pamoja nasi, nitamwomba msamaha mbele ya kanisa zima kwa kila nililomdhania. Asipokuja, usimwulize kwa nini.

Bwana Mungu akulinde, Yaya wangu, na goti lako, na meko yako. Aikalishe amani chini ya paa lako na chini ya sakafu yako. Mlango wako ufunguke kwa wema, na ujue kujifunga kwa wasio wema. Watoto na wajukuu wa nyumba hiyo wasimame mahali pagumu, siku zote. Amina.

Mimi mdogo wako akuheshimuye,
Yeremia