Kioo Kilichoganda

Shemeji mpendwa,

Mama hajambo, anakohoa kidogo tu. Pikipiki ya marehemu kaka imerudi, fundi amenyoosha usukani.

Uliuliza ilikuwaje. Tulipanda mlima tukiwa watu sita, kila mmoja na pikipiki yake, jua likiwaka. Kaka alikuwa wa mwisho, nyuma yangu. "Mdogo wangu, mbona unaendesha kama umebeba mayai?" alinitania tuliposimama kupumzika.

Kisha theluji ikatuangukia ghafla. Kanuni yetu ni moja: mtazame wa nyuma yako kwenye kioo, usipomwona simama. Kioo changu kiliganda barafu. Sikukifuta, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kaka hakuwahi kuachwa na wenzake. Nilikwenda hivyo kilomita nne kabla ya kujua kwamba ameanguka.

Polisi waliandika kuwa chanzo ni hali ya hewa. Daktari aliniambia kaka angepatikana mapema angepona.

Shemeji yako, kama bado utaniita hivyo.