Soda ya Mkuu wa Shule

Jinal, tangu lini mkuu wa shule ya serikali akamnunulia mzazi soda?

Kaniita ofisini. Soda ya baridi kabisa! Eti, "Mama Bernadeta, mtihani wa mwisho siyo lazima. Mtoto apumzike mwaka huu, ajifunze cherehani."

Siyo lazima! Mtihani wa kidato cha nne, siyo lazima! Na anayesema ni mkuu wa shule!

Nikajua hapa kuna kitu.

Natoka nje, nawakuta mama Mhoja na mama Rebeka kwenye benchi, wanasubiri zamu yao. Kila mmoja na soda mkononi. Jinal, watoto wetu watatu ndio wanaoshika mkia darasani! Anatupunguza ili matokeo ya shule yang'are.

Nikarudi ndani, soda nikaimaliza mbele yake. Nikamwambia Bernadeta anafanya mtihani. Hata akipata ziro, ni ziro yake.