Maua Meupe Kwenye Tangazo la Latifa

Jumapili, Kwamndolwa. Tangu asubuhi ni mawingu na manyunyu yasiyotaka kuwa mvua.

Leo naandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Shangazi ninayeishi naye. Kila Latifa anapotengeneza tangazo jipya la umoja wetu, mimi nalifungua, nalikuza kwa vidole viwili, nalipitia kona kwa kona. Anayeniona anadhani nalifurahia.

Natafuta kosa.

Huwa silipati, na hilo ndilo linaloniumiza.

Umoja wetu ni wa wanafunzi wanaopenda kusoma, kutoka shule chache za Korogwe na Handeni. Tuna ukurasa mtandaoni, na kundi la simu ambalo hata wazazi wamo. Tangu nikiwa kidato cha pili, mtengenezaji wa matangazo nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa tu mtu pekee aliyekubali kukaa na simu ya Shangazi mwisho wa wiki, nikisogeza maandishi huku na huku. Mimi si msemaji. Kwenye mikutano nakaa nyuma, karibu na dirisha. Lakini tangazo lilipotoka, nilijua kuwa ile ni sauti yangu, imefika mbele za watu bila mimi kusimama.

Kisha mwaka huu akaja Latifa, baba yake alipohamishiwa kazi hapa kutoka Dar. Tangazo lake la kwanza lilikuwa na maneno machache tu, na picha ya kitabu kilichofunguliwa juu ya jani la mgomba. Mwalimu mlezi aliinua simu yake darasani ili wote tuone.

"Sasa hili ndilo tangazo! Siyo yale ya Zaina, ukimaliza kuyasoma mkutano umeshakwisha."

Wote walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kibaya zaidi, Latifa ni mwema. Angekuwa na maringo ningepata nafuu. Anakaa karibu nami, ananiomba nimsahihishie Kiswahili cha insha, ananiita Zai kana kwamba tumekua wote.

Leo asubuhi akanitumia tangazo la Jumamosi ijayo. Siku hiyo tunakwenda Mashewa kwa Mwalimu Mhina, mzee mstaafu aliyewafundisha wazazi wetu wengi. Anataka kuupa umoja vitabu vyake. Latifa aliandika: "Zai, litazame kwanza wewe. Nalirusha jioni. Niambie ukweli."

Nikalikuza.

Picha ya Mwalimu Mhina, amevaa kofia, anatabasamu. Latifa ameiondolea rangi zote, imebaki nyeusi na nyeupe. Kwenye kona ameweka maua meupe. Chini ya picha: "Mwalimu wetu mpendwa." Na chini zaidi: "Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mashewa. Wote mnakaribishwa."

Nilielewa papo hapo. Huku kwetu picha ya mtu ikishatolewa rangi, ikawekewa maua, ikatajwa siku na nyumbani kwake, hakuna anayeendelea kusoma. Watu wanatafuta khanga na kuulizana nani anabeba unga. Latifa aliona urembo tu. Hatimaye kosa, kubwa kama kichuguu!

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilianza kuandika, "Latifa, hii inafanana na," nikafuta. Nikajiambia mlezi ataliona. Nikajiambia kazi hii si yangu tena. Nikawaza Jumatatu, mlezi ameinua simu ileile darasani, na safari hii kicheko kinaelekea kwingine. Kisha nikaandika, "Limependeza sana," nikatuma. Nikaiacha simu ya Shangazi mezani, tangazo likiwa wazi, nikaenda kuteka maji.

Nikiwa bombani nikasikia yowe la Shangazi. Niliacha ndoo, nikakimbia.

Shangazi akishtuka, Kiswahili humkimbia, anabaki na Kizigua kitupu. Nilimkuta amekaa chini mlangoni, simu mapajani, ungo umepinduka na mchele umetapakaa, anaongea peke yake. Aliponiona akarudi kwenye Kiswahili.

"Zaina! Mwalimu Mhina kafariki, na wewe unateka maji?"

"Hajafa, Shangazi."

"Hajafa na maua haya?"

"Ni tangazo la umoja. Jumamosi tunakwenda kuchukua vitabu."

Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu mara ya kwanza. Nilikuwa naanza kumrekodia mama yako sauti aende msibani. Angetoka Misima na mzigo wa unga kichwani! Na binti wa mwalimu yuko Handeni. Si angelia njia nzima? Nani kalitengeneza hili?"

"Latifa." Nililitaja jina lake upesi mno.

"Mtoto mgeni yule, hajui. Na wewe ulipoliona, ulimwambiaje?"

Nilichuchumaa nikaanza kuokota mchele. Shangazi aliuinua ungo, akanisogezea.

"Haya. Okota vizuri, usinichanganyie na mawe."

Nikiokota, nilimwaza Mwalimu Mhina anatoka nje na mswaki mdomoni, anakuta uwanja umejaa watu wanaomlilia, na mmoja ameshikilia kuni. Kicheko kilinijia. Kisha nikamwaza binti yake ndani ya gari, nacho kikaondoka. Mwisho nikamwaza Latifa, amesimama mbele ya mlezi, anasema, "Nilimwuliza Zaina kwanza." Na hatakuwa amesema uongo.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha pale. Haukuisha. Nilimpigia simu nikiwa nao.

"Latifa, usilirushe."

"Kwa nini tena?"

Nilimweleza. Alipiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Mama yangu wee! Nimemuua mzee wa watu!" Akacheka sana. Halafu kicheko kikakatika.

"Lakini Zai, si ulisema limependeza?"

"Nilisema. Kosa nililiona palepale uliponitumia. Nilikuonea wivu."

Nilisikia kuku wa kwao, na mtu akikuna nazi. Nilitamani anitukane.

"Mimi nakutumia wewe," akasema polepole, "kwa sababu wengine wote wananiambia limependeza."

Akakata.

Kabla ya jioni Latifa akanitumia tangazo jipya. Rangi zimerudi. Mwalimu Mhina anatabasamu, kofia yake ina nakshi za kijani ambazo asubuhi hazikuonekana. Pale palipokuwa na maua pamepangwa vitabu, na juu pameandikwa, "Twendeni tukamtembelee Mwalimu Mhina." Ni zuri. Ni zuri kuliko lolote nililowahi kutengeneza.

Chini yake hakuandika chochote. Hakuna "Zai". Hakuna "niambie ukweli".

Nikalikuza kwa vidole viwili. Nilipita kona kwa kona kama kawaida yangu, na pale chini nikaona mstari wa mwisho umebanana na ukingo. Kwenye simu ndogo kama ya Mama kule Misima, neno Mashewa litakatika, na watu hawatajua waende wapi. Jana ningelinyamazia kosa hilo, nikaondoka nalo kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nikamwandikia: "Sogeza mstari wa chini juu kidogo, kwenye simu ndogo utakatika. Mengine sina la kusema, ni zuri kweli."

Nikatuma. Nikamrudishia Shangazi simu yake, nikaenda bombani kuifuata ndoo yangu.