Hatua ya Hamsini na Tatu

Jumapili, 3 Machi

Nimeshindwa. Naliandika neno hili mara moja tu, halafu basi.

Baba mdogo alinifunga sataranji jana klabuni, kwa hatua hamsini na mbili. Sare tu ingenitosha! Nusu pointi, na kiti cha mwisho cha timu kingekuwa changu. Yeye angebaki nyumbani baada ya miaka kumi na moja timuni. Sasa anakwenda yeye kwenye mashindano ya taifa, mimi nabaki kusaga vioo vya miwani ya watu.

Na bado Jumamosi nijianike. Ndivyo tunavyoita: aliyeshindwa mchezo wa mwisho anasimama mbele ya ubao wa ukutani, anausimulia mchezo wake tangu ufunguzi, anataja makosa yake kwa mdomo wake. Wenzake wanakunywa chai. Desturi hiyo kaianzisha Baba mdogo. Sikumbuki lini yeye alianikwa.

Jumatatu, 4 Machi

Wateja wachache. Nimepanga kete kwenye meza ya kusagia, katikati ya fremu.

Katibu wa klabu, fundi saa wa jengo la pili, kapita kuniletea karatasi ya mchezo. Kasema wote wanangoja nikiri kwamba malkia ndiye aliyeniponza, nilimtoa mapema mno. Baba mdogo keshawaambia: huyu binti ana haraka tangu utotoni.

Haraka! Hatua ya sita nimeiangalia mara tatu. Malkia alitoka, akafukuzwa, akarudi. Nilipoteza hatua mbili. Kete sikupoteza hata moja. Malkia wangu simsingizii, hata wakinung'unika mpaka chai iishe.

Jumanne, 5 Machi

Hatua ya kumi na tisa. Hapa sasa — aibu. Nilimla farasi wake bila kumwona askofu aliyejibanza pembeni kabisa. Ngome yangu ikaenda. Mtu mzima, na kazi yangu ni macho! Hili ni langu, nitalisema mbele ya wote bila kupepesa. Kuanzia hapo nilikuwa najikokota tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimefika mwisho wa mchezo.

Yeye ana mfalme, askofu na askari mmoja wa ukingoni. Mimi nina mfalme peke yake. Ukiniangalia utanihurumia. Lakini kona anayoikimbilia yule askari ni nyeusi, na askofu wake anatembea kwenye nyumba nyeupe tu, hawezi kuigusa. Mfalme wangu yuko nyumba moja kabla ya kona. Zamu ni yangu! Nikiingia pale, nani atanitoa?

Nimecheza upande wa Baba mdogo kwa roho mbaya yote niliyo nayo. Ama askari wake anakwama, ama mfalme wangu anakosa pa kwenda bila kuwa ametishiwa — na hiyo ni sare. Nimerudia. Sare. Nimebadilisha. Sare. Sare!

Mbona basi nilishindwa? Nakumbuka vizuri. Kabla sijagusa kete, alininyooshea mkono juu ya ubao. "Umejitahidi, mwanangu." Mkono wa Baba mdogo. Ulionishikilia baiskeli, uliojaza fomu zangu zote za shule. Nani anauacha mkono kama huo ukining'inia? Nikaushika. Kwetu aliye nyuma akishika mkono, amekubali kushindwa. Katibu akaandika, nikatia sahihi.

Adabu yangu ndiyo iliyonifunga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Mama. Hakutaka kusikia. Yule ndiye aliyenilea baba alipofariki, nimwaibishe mbele za watu kwa sababu ya kiti? Nikamuuliza kama angemwambia hivyo mtoto wa kiume. Kaendelea kukunja mashuka.

Baadaye kanitolea kabatini daftari langu la zamani la masomo ya sataranji. Alidhani litanilainisha. Ukurasa wa saba: kona, mfalme mmoja, askari wa ukingoni. Chini yake, mwandiko wa Baba mdogo, wino mwekundu: "Askofu wa rangi nyingine — hakuna mshindi. Usisahau."

Nilikuwa na miaka kumi. Nikasahau. Na yeye? Yeye alinyoosha mkono hatua moja tu kabla sijafika konani!

Nimelia. Nampenda yule mzee. Halafu hasira ikanikausha machozi. Kiti changu sikiachi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandikia hapa hapa klabuni, mezani.

Nimejianika. Malkia: sikukiri, wakanung'unika. Hatua ya kumi na tisa: wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika hamsini na mbili nilishuka, nikapanga kete mezani, nikasema, Baba mdogo, karibu tumalizie.

Katibu akaruka. Matokeo yana sahihi, hayabadiliki — labda mshindi mwenyewe atamke kwamba ni sare, hapo ataichana karatasi. Nikamwambia sawa, nimesikia. Mwenye duka la vitabu, mwanachama mwenzetu, akadakia: mwacheni mzee acheze, si atamfunga binti kwa hatua tano? Baba mdogo ikabidi akae.

Nikamwingiza mfalme konani. Nikabonyeza saa ya mchezo. Hamsini na tatu!

Dakika ishirini na mbili sasa. Hajagusa kitu. Chai yake imeshika utando. Daftari la zamani liko karibu na kiwiko changu, sijalifungua, ila kaliona. Jalada kalifunika mwenyewe kwa gazeti miaka ile.

Kanyanyua macho. Ananyoosha mkono.

Bila neno. Mkono ule ule, juu ya ubao. Watu wameanza kutabasamu, wanadhani yameisha. Katibu ananitazama mimi, anangoja niushike.

Nimemwambia, kwa heshima zote: sema kwanza, Baba mdogo, huu mkono ni wa nini.

Hajasema. Mkono bado uko juu ya ubao. Kalamu yangu iko mkono wa kulia, na bado naandika; mpaka atamke sare, siiweki chini.