Kura Niliyoidai Mbele ya Ukumbi

Duka la Dobi, chumba cha nyuma,
Mtaa wa Uwanjani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Winga,

Hujambo, na habari za huko? Wifi yangu je, mgongo umempa nafuu? Na hao wanangu, bado wanakumbuka kwamba wana shangazi, au nimeshakuwa sauti ya kwenye simu tu? Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, ila hayo tumeshazoeana.

Nimechelewa kukujibu, si kwa sababu ya kazi. Kazi ndiyo imepungua, na ukisoma utaelewa kwa nini. Nilikuwa nashika kalamu, naanza, nachana. Tangu mama atutoke nyumba hii imekuwa kubwa mno. Napika, nakula nimesimama, naosha sahani moja. Nilikuwa naingojea Jumamosi tu, maana ukikaa kwenye jukwaa letu ni kama umekaa na ukoo mzima.

Sasa hata huko kumepoa.

Unajua hali ya klabu tangu tushuke daraja. Paa la jukwaa linavuja, na wachezaji wanapata mishahara kwa kubahatisha. Mwenyekiti akatuletea habari kwamba yule tajiri mwenye kiwanda cha saruji yuko tayari kutujengea jukwaa jipya. Sharti lake ni moja: klabu iwe mali yake. Sisi wanachama, wengine tuliorithi kadi kwa baba zetu, tubaki mashabiki. Tununue tiketi, tushangilie, ila mambo ya kumchagua mwenyekiti, kumwondoa, au kumwuliza anafanya nini na klabu yetu, hayo yaishe.

Usidhani watu walinuna. Wengi walifurahi. Hata mimi zilikuwapo siku nilimtamani huyo tajiri, hasa mvua ikinichuruzika shingoni.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi ulio chini ya jukwaa. Watu walijaa hadi wakakaa madirishani. Mwenyekiti alieleza vizuri, unaujua ulimi wake, kisha akasema, "Basi ndugu wanachama, wanaokubali wapige makofi, tukapumzike." Makofi yakaanza.

Sijui ni nani aliyeninyanyua. Nilishtukia nimesimama, nasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, katiba yetu inataka jambo la kuuza klabu liamuliwe kwa kura ya siri. Naomba tuipige."

Ungesikia walivyonizomea! Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kaa chini, Mama Sabuni, unatuchelewesha!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akatabasamu, akasema hoja isiyoungwa mkono haijadiliwi. "Haya, nani yuko pamoja na dobi?"

Nikamtazama shoga yangu mshonaji, aliyekuwa ubavuni mwangu kama siku zote. Unajua tulivyo sisi. Tumekaa viti jirani tangu hatujaolewa, na nilipofiwa na mume wangu yeye ndiye aliyehamia kwangu mpaka nikaweza kusimama tena. Akainamia mkoba wake, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Mumewe alikuwa ameahidiwa kazi katika kile kiwanda. Nilijua hilo. Lakini kujua hakukunisaidia kitu pale niliposimama. Nilijiona kama niliyevuliwa nguo mbele ya watu.

Aliyenyanyuka, utacheka, ni kinyozi. Ndiyo, huyohuyo tuliyegombana naye kuhusu maji machafu hadi mtaa mzima ukaja kutuamua. Akasema, "Mimi namtaka tajiri, na kura yangu nitampa. Ila niipige kwa mkono wangu. Sitaki kuamuliwa kwa makofi." Akakaa. Hata kunitazama hakunitazama.

Mwenyekiti akakosa pa kutokea. Sanduku likaletwa, pazia likafungwa pembeni, watu wakapanga foleni: daktari, mzoa taka, mwenye kadi ya zamani, mwenye kadi ya juzi, kila mmoja na karatasi yake moja. Natamani ungekuwapo, Winga. Ule ukumbi uliokuwa ukinicheka ukatulia kama wodi ya wagonjwa. Hata aliyeniita Mama Sabuni aliingia nyuma ya pazia, akakawia, akatoka na uso mwingine.

Ili klabu iuzwe zilihitajika theluthi mbili. Hazikufika hata nusu.

Nilidhani sasa watanijia. Hakuja mtu. Walitoka wakitazamana kwa kuviziana, kila mmoja akimwuliza mwenzake ni nani hao, na kila mmoja akiapa si yeye. Ukipita mtaani leo ukiuliza, hutampata hata mmoja aliyekataa. Kwa jinsi wanavyosimulia, nilikataa peke yangu nikauzidi ukumbi kwa wingi.

Kwa hiyo lawama zote ni zangu. Jezi za timu amepewa dobi mwingine. Mwenyekiti hakunieleza kitu, alituma gari tu, wakaziondoa kwenye kamba zikiwa mbichi. Paa likivuja, shingo zinanigeukia. Mshonaji amehamia upande wa pili wa uwanja, nyuma ya goli. Tukifunga bao watu wanakumbatiana, mimi napiga makofi yangu mawili matatu, nakaa.

Na kinachoniumiza ni kwamba wapo. Naziangalia zile nyuso safu kwa safu, najua zaidi ya nusu yao ni wenzangu, na sina hata mmoja wa kurudi naye nyumbani.

Wala sina hakika kama nilifanya la maana. Yule golikipa uliyekuwa ukimsifu ameshaondoka, na huenda tukashuka tena. Lakini uchaguzi wa viongozi umekaribia, na safari hii mwenyekiti amepata mpinzani. Ni kinyozi. Nitazisikiliza sera zake, ingawa maji yake bado yanapita mlangoni kwangu.

Umenisihi nihamie kwenu. Asante, mdogo wangu, niliposoma nililia. Ila niache kwanza nipige hii kura. Nikiondoka sasa watasema dobi alituharibia, kisha akatimka. Na wewe kadi yako bado iko hai, na aliye mbali anaruhusiwa kutuma kura yake kwa posta. Itume, tafadhali. Mpe umtakaye, hata mwenyekiti. Mimi sitakuuliza.

Juzi mshonaji alikuja dukani. Hatukuwa tumesemezana tangu ule mkutano. Alileta koti la mumewe, akaliweka mezani, akasema halina haraka, lakini hakuondoka. Akawa analinyoosha kola kwa vidole. Mwishowe akasema, "Shoga, siku ile nilipoingia nyuma ya pazia…"

"Usiniambie," nikamkatiza. "Ni yako hiyo."

Akanitazama sana. Nikamwuliza koti analitaka lini, akanijibu, akatoka. Winga, nilitamani kumkimbilia barabarani, nimshike mkono, nimwambie haya, sema. Nikabaki nimeshikilia ukingo wa meza hadi hatua zake zikapotea. Kisha nikawasha pasi.

Mpe wifi salamu zangu, na umwambie asiinue vitu vizito. Wakumbatie wanangu mpaka walalamike. Ukimwona binamu yetu, mwambie dada yake bado anangoja ile picha ya harusi. Mungu awafunike kwa rehema zake huko ugenini, na asiwanyime mtu wa kula naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Dobi