Kapsuli Zako Nimezirudisha

Mkolani,
S.L.P. 417,
Mwanza.
9 Machi 1995

Mpendwa mjukuu na mume wangu Machibya,

Shikamoo uliyoituma kwa kondakta imefika. Marahaba. U mzima? Na duka lako la dawa huko Dar es Salaam bado limesimama? Mimi magoti yananiuma, lakini mkono huu wa kisomo cha watu wazima bado unashika kalamu, na leo unakushika sikio.

Mwanao Kija amepona. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome umekaa.

Tangu maduka ya dawa yaruhusiwe kila kona, wewe umekuwa daktari. Mtoto akipiga chafya, kapsuli. Akiharisha, kapsuli. Kila basi linakuja na kopo la kapsuli za rangi mbili na kikaratasi chako: apewe hata akiwa mzima, ajikinge. Nilipokukatalia ukamwandikia dada yako Rebeka. Akawa anamkorogea kwenye uji kwa siri, maana kaka amesoma, bibi ni mshamba.

Mwezi uliopita Kija akaharisha damu. Hospitali wakampa dawa, haikufanya kitu. Daktari akasema tumboni mna vijidudu vyema vinavyolinda kwao. Kapsuli zimeviua, vimebaki vibaya vilivyoizoea dawa. Nikamwambia, habari hiyo mbona ni ya kibuyu? Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unaacha kidogo ya jana, ndiyo yagandishe ya leo. Ukikiunguza kwa maji ya moto, maziwa yanaoza.

Akasema, "Ndivyo hivyo, mama. Mgandishie."

Walimbadilishia dawa, ya sindano. Alipopata nafuu nikamlisha maziwa mgando ya mdogo wangu Suzana wa Usagara, kijiko kwa kijiko, tumbo lipate mbegu upya.

Lakini vile vibaya havikukaa kwa Kija peke yake. Vilihamia kwa Luhaga, kitinda mimba wa Rebeka, aliyekuwa bado ananyonya. Luhaga hajameza kapsuli hata moja maishani mwake, Machibya. Hata hiyo sindano ilimkuta amekwisha. Tumemzika Jumanne, ubavuni mwa babu yako. Tulipiga simu dukani, wakasema umekwenda kufuata mzigo.

Kopo ulilotuma juzi linarudi na kondakta yuleyule, halijafunguliwa. Usije ukamuuzia mtoto wa mwenzio. Mgonjwa apimwe kwanza. Na Kija simleti huko mpaka ujue kukaa na mtoto mwenye mafua bila kukimbilia kabati.

Msalimie mkeo Zakia, yeye sina ugomvi naye. Suzana anakusalimu, na mjomba wako Kashindye. Rebeka naye anakusalimu. Amesema niandike kwamba hakulaumu, eti wewe ulituma tu, aliyekoroga ni yeye. Nimeandika kama alivyosema. Njoo umwambie mwenyewe kwamba si kweli.

Mungu akupe macho ya kuona unachouza.

Ni mimi mkeo wa uzeeni, nikupendaye na hasira zangu,
Bibi yako Kabula