Mkono Wako Haukuwa na Kidonda

Mdogo wangu mpendwa,

Mwangaluka. Hata ukiisoma barua hii jioni, mimi nimekusalimia kwa asubuhi, maana ndiyo saa niliyozoea kukusikia ukikohoa uani kabla ya swala.

Jina lako silitaji. Watu wengi wataisoma hii, na siri ni yako, siyo yangu. Wewe utajijua ukifika kwenye mpapai.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Nikianza tu jambo la maana unasema mtandao unasumbua. Mwezi uliopita nilikutumia ujumbe kwamba mwanangu Rehema anaolewa baada ya mavuno, ukanijibu maneno matatu: "Hongereni. Kazi imebana." Kazi imebana! Mimi nakujua unavyodanganya tangu una meno ya utoto. Ukisema kweli unaongea mpaka watu wanachoka, ukidanganya unafupisha. Wewe hukatazwi na kazi. Unaogopa ng'ombe wa harusi. Unaogopa mtu atoke na kisu mbele ya wageni akuambie, "Haya, mtoto wa Mzee wa Kisu, karibu."

Ndiyo maana nataka kwanza nikurudishe nyuma.

Unakumbuka Baba alivyokuwa. Bariadi ile Waislamu tulikuwa wachache, tunajuana kwa majina na kwa magonjwa. Lakini hakuna harusi wala msiba uliopikiwa nyama bila kumwita Baba. Wakatoliki walimwita. Walokole walimwita. Hata wazee wa matambiko kule vijijini, yao wakishayamaliza wenyewe, ng'ombe wa wageni walimngojea Baba, ili kila atakayekuja ale bila kuuliza. Alitoka asubuhi na kanzu yake, kisu amekivingirisha kwenye kitambaa cheupe, na wewe nyuma yake umebeba jiwe la kunolea, shingo imekaza kama umebeba bendera ya taifa. Mimi nabaki mlangoni na ufagio, nakuonea wivu.

Mafundisho yake nilikuwa nayasikia hukohuko mlangoni. Mnyama asikione kisu. Usinolee mbele yake. Mlaze kwa upole, hajakukosea. Na kibla chetu ni kule kaskazini, ukiegemea kidogo kwenye mawio, usawa wa lile jiwe kubwa nyuma ya zizi la jirani yetu Mkatoliki, ambaye hapa nitamwita Masanja. Unakumbuka tulivyokuwa wajinga? Mpaka nafika darasa la tano nilidhani Makka iko nyuma ya zizi la Masanja. Wewe ndiye uliyepanda lile jiwe kwenda kuangalia, ukarudi umechubuka magoti, ukasema, "Dada, hakuna kitu. Kuna mbuzi tu."

Siku uliyoruhusiwa kuchinja jogoo wako wa kwanza ulikuwa na miaka kumi na mbili. Masanja alikuja kutazama, na utani wake. "Sheikh mdogo, wabeja sana, asante kwa kazi! Ila huyu jogoo hakufa kwa kisu, amekufa kwa kicheko. Mkono wako ulikuwa unamtekenya." Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Ulipofika miaka kumi na minane mikono ya Baba ilikuwa imeanza kutetemeka, kisu kikawa chako. Watu walikupenda. Ulikuwa unalitaja jina la Mungu taratibu, kila herufi mahali pake, na mimi nikisikia nilikuwa naacha ninachofanya.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu mpaka nje. Mitumba ikaja kwa marobota. Pamba, ambayo tuliizoea kumpelekea mnunuzi mmoja tu, ikapata wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Wewe umemaliza kidato cha nne, ukapata ukarani wa mizani kule Mwandoya. Ukawa unarudi siku moja moja na redio ya kaseti, suruali pana za mitumba, na vitabu umevivika magazeti. Mama alidhani ni vitabu vya mapenzi. Angejua!

Zamani ulikuwa unamchosha mwalimu wa madrasa kwa maswali. Baba alisema, "Huyu ama atakuwa kadhi ama atafungwa." Ulipoanza kwenda Mwandoya maswali yakaisha. Mimi nilifurahi kwamba umetulia. Sikujua kwamba umemaliza.

Ni mpapai ulioniambia. Nilikuwa nimerudi kukaa kwa wazazi na Rehema wangu wa mwaka mmoja, mume wangu akiwa Maswa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Miezi ile ununuzi wa pamba ulikuwa umefungwa, nawe unalala nyumbani. Kila alfajiri nilikujazia birika la udhu nakuwekea mlangoni kwako, na kila siku nilikuta birika tupu. Nikashukuru Mungu. Lakini ilikuwa kiangazi kile kibaya, mchicha wote umekufa, hata majani ya mihogo yamejikunja, na mpapai ulioota nyuma ya chumba chako ukawa umeshiba kama umepandwa mtoni. Unazaa! Mama akawaita majirani waje waone baraka. Nami nikausogelea, nikaona udongo umelowa kwa duara, upana wa maji ya birika letu: udhu wako ulikuwa unanyweshwa mti. Nikasimama pale, mdogo wangu, na Rehema mgongoni. Nililia kidogo. Halafu nikachuma papai moja, nikakukatia, ukala, ukasema tamu. Nilijiambia ni uvivu wa ujana, utapita.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa Masanja.

Dume liko tayari, wapishi wamewasha, wageni wengine wametoka mbali, kule Binza. Baba kakutumia mtu tangu juzi, huko Mwandoya ulikorudi kazini. Ukaja asubuhi hiyo, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, ukasema mizani ilikuangukia. Mama akapiga yowe. Mimi nikachukua maji ya chumvi na kitambaa kisafi, nikakuvuta ndani nikuoshe. Ulikataa kama mtoto. "Dada, acha. Dada, kimekauka." Nikafungua. Nikazungusha ile bendeji, nikazungusha, nikafika mwisho. Mkono mzima. Hata mkwaruzo hauna, alama za kitambaa tu.

Nikakuangalia. Ukakaa kwenye kitanda.

"Usiseme, Dada."

"Nisiseme nini? Kwamba umepona?"

Hukucheka. Ukasema, na maneno haya sijayapoteza hata moja: "Watu wote wale watakula kwa sababu wanaamini anayeshika kisu anaamini. Mimi siamini tena. Nimejaribu. Siwezi kulitaja lile jina na moyo haupo, halafu niwape watu wale."

Nilikuuliza kwa hasira, "Nani kakuchukua? Ni wale walokole wa Mwandoya?"

"Hakuna aliyenichukua. Nimetoka mwenyewe. Hata sijaenda kokote."

"Tangu lini?"

"Muulize mpapai."

Kumbe ulijua kwamba najua! Nilitaka nikupige kofi, nikukumbatie, nimwite Baba, yote kwa pamoja. Nje Masanja anaita, "Jamani, dume linazeeka huku!" Basi nikafanya nililofanya. Nikaichukua ile bendeji nikaifunga upya. Nikakuambia, "Ulikuwa umeifunga kama mzigo wa pamba, nani angekuamini?" Nikaifunga vizuri, na kifundo juu. Nikatoka nikamwambia baba yangu, mimi ninayeswali swala tano, kwamba kidonda ni kibaya sana.

Baba alitazama mikono yake inayotetemeka. Akatazama dume. Halafu akanitazama mimi.

"Basi wewe."

"Baba, mimi?"

"Kuku wa humu ndani nikisafiri huwa anawachinja nani? Dini haikukukataza. Ni watu tu hawajazoea."

Masanja akashika kiuno. "Mzee wa Kisu, leo unatuletea mwanamke? Hiyo nyama si itajipika yenyewe!" Watu wakaangua kicheko. Baba akamjibu, "Masanja, wewe ukila kidogo kwa mashaka, sisi tutakusaidia." Nikampa Mama mtoto, nikajifunga khanga, nikapokea kisu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokionea wivu.

Vijana wakalivuta dume kwa kamba, likalala, kichwa kikaelekezwa kwenye jiwe letu. Baba amesimama ubavuni kwangu. Nikaanza kulitaja jina la Mungu, na pale pale kamba ya miguu ya nyuma ikachomoka. Dume likarusha mateke, vijana wakaruka pembeni. Wewe ulikuwa kando, mkono wako umeuning'iniza shingoni kwa kipande cha khanga. Ukasahau. Uliruka ukaidaka ile miguu kwa mikono yote miwili, ukailalia kwa kifua, bendeji ikawa inaburuzwa vumbini kama mkia. Ukapiga kelele, "Endelea, Dada! Nimeshika! Endelea!" Nikaendelea. Ilikuwa sawa, haraka na safi, kama alivyokufundisha Baba.

Nilipoinua macho, Baba alikuwa haangalii dume wala mimi. Alikuwa anaangalia mkono wako.

Alikuokotea bendeji, akaikung'uta vumbi, akakupa. Ukaivaa tena. Tukala wali wa harusi. Siku tatu baadaye ukaaga kwamba kuna kazi Mwanza, na baada ya Mwanza ukaenda mbali zaidi, na mpapai ukafa kiangazi kilichofuata, maana hakuna aliyekuwa anaumwagilia.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Naomba ulisome pole pole.

Mwaka ule Baba alipougua mara ya mwisho, mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji. Asubuhi moja akaanza kucheka mwenyewe. Nikamuuliza, "Baba, nini?" Akasema, "Ule mkono wa mdogo wako. Ulipona siku ileile." Nikainamia bakuli. Akasema, "Na wewe ulimfunga vizuri sana." Alijua yote, mdogo wangu. Miaka yote hiyo alijua. Kimeniuma, sitakuficha, kimemuuma na yeye, maana alilia pale, machozi yakaingia kwenye ndevu. Akasema alikuwa anakuombea kila sijida na hatakoma mpaka pumzi ikome. Halafu akanishika mkono: "Lakini hakutaka kuwadanganya watu kwenye chakula chao. Hilo nilimfundisha mimi. Akija nyumbani asipewe kisu, asije akaaibika. Apewe miguu ashike. Mwambie. Mwambie mahali pake papo."

Nami sikukuambia.

Ulipokuja kumzika ulisimama nyuma kabisa ya safu, mikono umeifumbata, macho mekundu, na nilikuwa nayo maneno haya kinywani. Nikayameza. Nilijiambia: akijua kwamba Baba alimpokea hivyo alivyo, ataridhika, hatarudi kwenye swala tena. Acha imuume kidogo. Maumivu yatamrudisha. Nilidhani namsaidia Mungu. Nikayafungia yale maneno kama shuka la kuwekea wageni, mwaka baada ya mwaka, nikingoja uje umeswali ndipo nikukabidhi. Ukawa unakuja mara chache, halafu huji kabisa. Ulidhani Baba alikufa bila kukujua, au alikujua akakukasirikia. Nimekuibia urithi wako. Shamba tuligawana vizuri na shahidi akaandika, hili peke yake ndilo nililolikalia.

Nisamehe. Nimemwomba Mungu msamaha na nadhani anangoja nimalizane na wewe kwanza.

Usidhani nimebadilika. Bado nakuombea, kila alfajiri, na sitaacha, usinikasirikie kwa hilo. Ni njia yangu ya kukujazia birika. Utakapolimwaga ni juu yako. Moyo wangu bado unatamani siku moja nikusikie tena ukilitaja jina lile taratibu. Lakini sikuandiki ili uswali. Nakuandikia uje harusini.

Rehema anakuulizia. Nimemwambia wewe ndiye uliyekuwa unamrusha juu mpaka anatapika maziwa. Masanja bado yupo, macho yamefifia, mdomo mzima, juzi kaniuliza, "Mayu, yule sheikh mdogo wangu anakuja lini? Mwambie kuku wa siku hizi hawachekeshi."

Kisu cha Baba ninacho mimi. Nimeshachinja kwenye shughuli nyingi tangu siku ile, watu wamezoea, hawacheki tena. Dume la Rehema limeshanunuliwa, jekundu, lina kiburi, na vijana wa siku hizi kamba hawajui kuifunga. Utanikuta nimejifunga khanga, uso kwenye jiwe letu. Hakuna atakayekuuliza kitu. Njoo na mikono yako yote miwili, ushike miguu.

Ni mimi dada yako, uliyeniachia kisu,
Mama Rehema
Bariadi